Sebagabo Ameshuka Walikale na Mutoto Mugongoni

Lushebere, Masisi
Tarehe 16 Juni 1957

Mupendwa dada yangu Athanasie,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umekwisha kujibu "Milele na milele" kwa sauti mbele ya karatasi hii, sababu wewe tangu utoto unajibu hata salamu ya mbuzi. Habari ya mwili? Habari ya joto la Stanleyville? Mume wako na kazi yake ya bateau, je, muto unamurudisha nyumbani kila juma, ao siku hizi umekwisha kumuoa kabisa? Na watoto, wanaongea bado lugha yetu, ao utakuja kunionyesha Walingala watupu?

Sisi huku tuko wazima. Baridi ni ile ile uliyoikimbia. Muke wangu Geneviève anaumwa mugongo, lakini ulimi wake uko na afya nzuri, na kaka yako njo anautumikia. Mimi nimenenepa. Tumbo linafika shambani mbele yangu, na maharagwe yakiliona yanajua leo hakuna kazi. Hata hivyo mvua ilinyesha vizuri, viazi viko, hatulali njaa.

Sasa kaa chini. Kama umepakata mutoto, mushushe kwanza. Libérata wetu amechumbiwa, na anayemuomba ni Rugamba, mutoto wa Sebagabo. Ndiyo, Sebagabo yule yule. Soma tena kama hauamini, nitakungojea.

Siku ambayo Libérata alipewa jina, wewe ulikuwa umekwisha kuolewa na kwenda. Unaijua kwa kusimuliwa na mama tu, na mama, Mungu amupumuzishe, alikuwa na desturi ya kupunguza matusi ya watu. Mimi sipunguzi.

Libérata alizaliwa mudomo wa juu umepasuka mpaka puani. Hakuweza kunyonya. Geneviève alikuwa anajikamua, nasi tunamudondoshea kwa jani la mugomba lililokunjwa, na nusu inamutokea puani. Alikuwa anakonda tunamuangalia. Siku ya jina ikafika, tukafanya kama desturi: watoto wa mulima wakalima kidogo mbele ya mulango, wakala, kila mumoja akamupa mutoto jina la mucheko, kisha wakubwa wakaingia. Sebagabo akaja na kibuyu cha maziwa, sababu jirani mwenye ng'ombe haendi mikono mitupu kwa mama aliyezaa. Nilipokiona kile kibuyu nilisema rohoni: huyu mutoto atapona.

Sebagabo akafunua nguo, akaangalia. Akafunika. Akasema, "Huyu anaitwa Nyirabakame."

Bakame unamujua, sungura wa hadithi zetu, mwenye mudomo uliopasuka. Watu walicheka, Athanasie. Walicheka mu nyumba yangu, na chakula changu mu kinywa. Kisha akainua kibuyu chake. "Kinywa kama hii ikigusa maziwa, ngombe yangu itakauka," akasema, akarudi nacho kwake, pole pole, anapiga muluzi.

Mutoto aliishi kwa matone yale ya mama yake, lakini jina lilishika kama kupe. Padri alimubatiza Libérata, sisi tukamuita Libérata, mulima wote ukamuita Nyirabakame. Siku ile nilisema mu moyo: Sebagabo, utalipa. Kwa kinywa sikusema, sababu yeye ni murefu, mimi ninamufikia ku kifua, na alikuwa na fimbo. Lakini sikulala na neno hilo tu, nililioa kama muke wa pili, na Geneviève amelivumilia miaka hii yote.

Wakati wa mupira wa vita, ule utomvu wa miti ambao Wazungu walitulazimisha kuleta, vijana waliopelekwa kuutafuta mu pori ya Walikale walirudi na habari: ku misheni moja ya Waprotestanti, ya Baporoso kama tunavyosema, kuko munganga muzungu anayeshona midomo ya watoto waliozaliwa hivi, tena ananyoosha miguu iliyopinda. Unajua Padri alikuwa ametukataza hata kukanyaga majani ya Baporoso. Nilimufunga Libérata, aliyekuwa ameanza kusema, mugongoni na nguo ya mama yake, nikashuka kwa njia ya Nyabiondo. Mwanaume na mutoto mugongoni! Sebagabo alikuwa njiani na ng'ombe zake.

"Eh, Mama Nzabandora!" akaniita. "Utamunyonyesha wapi?"

Wachungaji wake wakaanguka chini kwa kicheko. Mimi nikaendelea bila kugeuka. Nikajikwaa pia, ili kicheko chao kisipotee bure.

Yule munganga alikuwa muntu mwembamba mwenye miwani. Aliomba kwanza, kwa Kiswahili kibaya kuliko changu, kisha akamulaza mutoto kwa dawa ya kunusa. Nilikaa nje na rozari ndani ya mufuko, nikiisukuma kwa kidole ili Baporoso wasione. Mademoiselle mumoja wa misheni aliona. "Shika tu, Papa," akaniambia, "Mungu anaona hata mu mufuko." Walipomutoa, mudomo wake ulikuwa umefungwa na nyuzi kama kifuko cha mbegu. Haikupita wakati, tukarudi.

Huko niliona pia watoto wa miguu iliyopinda. Miguu inafungwa plâtre, bandeji ya chokaa inayokauka kama jiwe, mpaka kwenye goti. Kila juma munganga anaifungua, ananyoosha kidogo, anaifunga upya. Kila juma, miezi kwa miezi. Niliwaonea huruma, nikaenda zangu.

Nyumbani Sebagabo alikuwa ananingoja. Yeye njo mukubwa wa kanisa letu dogo la mulimani, na alikuwa amekwisha kwenda kwa Padri kusema kwamba nimeuza roho ya mutoto kwa Baporoso kwa kipande cha uzi. Tukawekwa nyuma ya kanisa, kusimama na wakatekumeni, wale wasiobatizwa bado, mpaka Pasaka, mimi na Geneviève. Mimi kusimama nyuma nimezoea, hata ku shule nilikuwa nyuma. Lakini Geneviève, aliyekaa nyumbani kwake akilia na kusali! Hilo halijanitoka, na sijaliomba litoke.

Sasa Libérata ni musichana kamili. Kovu liko, mustari mwembamba, na akicheka linainuka upande mumoja. Rugamba anasema njo hapo alipopotelea. Ni kijana anayeuza maziwa ku soko ya Masisi, mupole, mwenye heshima. Siwezi kumusema vibaya, na nimejaribu. Libérata anamutaka. Akisikia ng'ombe zao njiani, mara moja anakumbuka kwamba maji yameisha mu nyumba.

Kwa hiyo nilipoambiwa Sebagabo anakuja kuomba, nilifurahi mara mbili: mara moja kama baba, na mara moja kama yule muntu mwingine anayengoja kulipwa.

Unajua desturi yetu. Jamaa inayoomba musichana, kama ilitukosea zamani, siku ile njo kosa linafunuliwa, na hawapewi muntu mpaka walipe icyiru, fidia ya lile kosa. Watu wengine wanatunga kosa la mucheko ili kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iongezwe. Mimi sikuwa na haja ya kutunga. Na ingawa ilifaa niweke musemaji, nilisema hapana, kazi hii ni yangu, nimeifanyia mazoezi mbele ya mbuzi.

Walifika na mitungi yao. Musemaji wao alikuwa Kanyamibwa, yule anayeongea hata wakati anakunywa. Sebagabo akakaa katikati, koti, kofia, fimbo.

"Papa Nzabandora," Kanyamibwa akaanza, "tulisikia mu lupango yako muko musichana mwenye kujua kazi. Tulikuja kuomba."

"Basichana iko bengi mu Masisi. Munaomba nani?"

"Libérata."

"Ile siku ya jina, Libérata haikusikiwa hapa. Mwenye kumupa jina iko hapa, namuona. Yeye mwenyewe aombe, na ile jina alimupa."

Kanyamibwa akacheka peke yake. "Ah, Papa! Ile ilikuwa muchezo ya zamani."

"Njo vizuri. Acheze tena."

Sebagabo akasimama. Akaangalia Rugamba, Rugamba akaangalia chini. "Naomba," akakohoa, "naomba Nyirabakame."

"Unisamehe, Papa. Tangu ninenepe, masikio yangu imejaa mafuta. Unaomba nani?"

"Nyirabakame!"

Mama muzee mumoja nyuma akasema, "Leo Bakame amemukalisha Fisi," na safari hii kicheko kilikuwa upande wetu. Nilikionja pole pole, Athanasie, kama asali ya kwanza.

Wakanong'onezana. Kisha Kanyamibwa: "Kwa ile kosa, tunatoa ngombe. Iko na mimba."

"Ngombe sitaki."

Geneviève alinifinya mugongoni, sababu yeye ng'ombe alikuwa anamutaka sana. Lakini nilikuwa nimefikiri kitu kingine. Unamukumbuka Mukandayisenga, mujane anayekaa chini ya kisima? Mutoto wake wa mwisho, Verdiane, alizaliwa nyayo zimegeukia ndani. Anatembea kwa pembeni ya miguu, na anaanguka. Mama yake alipotaka kumupeleka Walikale, Sebagabo alimukataza. Alimwambia ule ni musalaba, aubebe, asiupeleke kwa Baporoso.

"Verdiane utamubeba weye mwenyewe mpaka kwa munganga," nikamwambia. "Hapana kipoyi ya kubebea batu, hapana wachungaji. Mugongoni, na nguo ya mama yake. Utakaa naye kule mpaka munganga aseme basi."

"Miye? Kwa Baporoso?"

"Weye. Uliambia mama yake musalaba unabebwa. Haya, beba."

Kanyamibwa akaingilia upesi, "Itakamata siku ngapi?"

"Mudomo ya mutoto wangu ilikamata siku kidogo tu," nikajibu.

Na ni kweli tupu, sikusema uongo hata mumoja. Habari ya miguu hawakuniuliza.

Alikubali, sababu Rugamba alikuwa amemukazia macho. Siku ya kushuka, nilikwenda kusimama njiani. Nilikuwa na neno nililolitunza tangu zamani, limeiva vizuri. Lakini akapita na koti lake na kofia yake, na nguo ya maua ya Mukandayisenga imefungwa kifuani, na Verdiane juu ya mugongo anaimba na kumupiga mabega kama anachunga ng'ombe. Nikaona neno langu haliwezi kushinda lile. Nikalimeza, nikarudi kunywa kasiksi yao.

Kanyamibwa alishuka kumuona, akarudi na habari. Sebagabo amekonda. Maziwa hakuna mu pori. Anakula sombe ya majani ya muhogo na samaki ya moshi. Asubuhi anaimba nyimbo za Baporoso, sababu asiyeimba anapewa ufagio. Plâtre ya kwanza ilipofunguliwa, alifunga mizigo yake, akaaga watu. Munganga akaleta plâtre ingine. Akafungua mizigo. Hapo nilicheka mpaka Geneviève akaniletea maji. Najua Padri atasema nini. Nitaungama, lakini plâtre iishe kwanza.

Basi nikamwambia Libérata kwamba kosa limelipwa, na Sebagabo akirudi tunapanga ndoa. Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Papa, kosa ililipwa kwa nani?"

"Kwetu."

"Kwako. Weye ulisikia ile jina mu kinywa yake, ukacheka. Mama alifurahi. Verdiane atapata miguu. Batu yote ilipata. Miye nilipata nini?"

"Unapata Rugamba!"

"Rugamba siyo icyiru. Rugamba nilimupata miye mwenyewe."

Akaweka ungo chini.

"Miye njo nilinyimwa maziwa. Miye njo niliitwa Nyirabakame ku kisima, kila siku, na batoto bakishika midomo yabo. Nikiingia mule kama muke, sitaficha jina yake. Nitamuita Sebagabo."

Athanasie, wewe unajua kuliko mimi uzito wa neno hilo, sababu shangazi njo anamufundisha bibi-arusi kutotamka jina la baba mukwe. Mama yetu alikufa bila kutaja jina la babu Sebarenzi hata mara moja, hata mukarani wa kodi alipomukaripia. Na huyu akalitamka palepale, mbele ya mama yake. Zamani, kabla ya munganga, b yake ilikuwa inatoka kama upepo mu tundu, hakuna neno la namna hiyo alilolimaliza. Sasa alifunga midomo miwili, akaifungua: Se-ba-ga-bo. Kila kipande mahali pake. Geneviève akajishika kinywa. Mimi nilitaka kukimbia, na unajua nimeacha kukimbia tangu vita.

"Batakurudisha ile ile siku!" nikasema.

"Banirudishe. Njia najua."

Nikamuita Rugamba, nikitumaini atakasirika na kunisaidia. Kijana akazungusha kofia mukononi. "Aseme tu, Papa," akajibu. "Miye nitakuwa nakamua." Ona mukwe niliyepewa! Nilitafuta mwanaume wa kubishana naye mu jamaa yote ile, nikabaki peke yangu.

Kanyamibwa akashuka tena kupeleka sharti hilo. Alimukuta Sebagabo amekaa ku baraza ya misheni, miguu ya Verdiane imewekwa mu beseni ya maji, yeye mwenyewe analainisha plâtre ya zamani kwa mikono ili ifunguke bila kumuumiza mutoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo lilinikasirisha mimi. Akaendelea na kazi yake, kisha akasema, "Aniite. Mu nyumba. Lakini mbele ya ngombe, hapana."

Unaelewa. Kwa muntu kama yeye, watu wakimucheka anaweza kuhama mulima. Ng'ombe wakisikia jina lake linatupwa na mukwe wake, atahamia wapi?

Nilikimbilia Libérata na jibu hilo, nikiona ndoa imekwisha kufungwa. Akalisikia, akachukua ungo wake.

"Mbele ya ngombe kwanza," akasema. "Mu nyumba, nitafikiri."

Hapo njo tuko. Ameapa kwamba bila neno hilo haolewi, na najua hataki mwanaume mwingine. Muchana anachapa kazi kama askari, kisha anakwenda nyuma ya jiko kulia, na akiulizwa anasema moshi. Geneviève ananiambia nilianza moto nikasahau nani yuko ndani ya nyumba. Labda. Lakini sitamuomba Libérata apunguze. Kisasi changu nilikipata, nikakinywa na majirani. Chake hajakionja hata tone, na yeye njo alikuwa na kiu.

Kanyamibwa amekataa kushuka mara ya tatu, anasema miguu yake pia sasa inahitaji plâtre. Kwa hiyo, dada, inabaki wewe. Kamioni inayotoka Stanleyville kwenda Bukavu inapita Walikale. Shuka pale, ulizia misheni, mutafute Sebagabo. Mwambie uso kwa uso neno la Libérata kama lilivyo. Mwambie tena kwamba shangazi ni wewe, na kwamba bibi-arusi huyu hutamufundisha kunyamaza. Akisikia kwako, hana mahali pa kukimbilia. Akikubali, wataoana wakati Verdiane atapanda mulima huu kwa miguu yake. Akikataa, Libérata atabaki kwangu, atakula maharagwe yangu, na wewe utapanda mpaka huku tulie pamoja naye. Lakini Sebagabo ataendelea kulainisha plâtre mpaka munganga aseme basi, sababu ile icyiru ya kwanza haitegemei ndoa.

Usiende na uso wa kumuhurumia. Nakujua, ukiona muntu amekonda unaanza kumupikia. Mpe neno kwanza, chakula baadaye.

Musalimie sana mume wako, na watoto wote, yule mudogo umufinye shavu kwa niaba yangu. Geneviève anakusalimu, anasema ulete kitenge, si maneno. Mukandayisenga anakusalimu, kila asubuhi anasimama juu ya kisima kuangalia njia ya Nyabiondo. Libérata anakusalimu kwa heshima yote, na hajui kwamba nimekuandikia. Ao anajua, sababu ameniletea wino bila kuniuliza kitu.

Mungu akulinde ku kamioni na ku matope, na Mama Maria ashike usukani pale dereva atakaposinzia.

Na ukikwisha kumwambia, Athanasie, usigeuke upesi. Muangalie uso vizuri, mpaka mwisho, uje unisimulie. Libérata achukue yote mengine. Huo uso uniletee mimi.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda kuliko anavyopenda kulima,

Védaste Nzabandora